Dawa Ndani ya Ndiva

"Kitendawili!"

"Tega, Shangazi."

"Nimelima huku, jasho limemtoka wa kule."

Shangazi Elieskia alitega bila kuinua uso. Mchi ulikuwa mkononi, kitunguu saumu kilikuwa kinuni, na machozi yalimchuruzika mpaka kidevuni utadhani amefiwa. Wanawake wa Irindi walikuwa wamemzunguka, hawa wakipukuchua majani ya mwarobaini, wale wakikatakata mvumbasi. Harufu ilikuwa kali hata mbuzi wa jirani walikuwa wameuhama upande ule wa kijiji.

"Wifi!" alidakia Namsifu kutoka kwenye magunia. "Jibu ni wifi. Yeye analima kwa mdomo, jasho linanitoka mimi!"

Kicheko kikapasuka. Namsifu alikuwa na haki ya kusema, kwa kuwa ndiye aliyepanda mlima kutoka Nyikani akiswaga punda waliobeba mwarobaini. Huku Irindi, juu kwenye baridi, mti ule hauoti, na bila mwarobaini dawa haikamiliki. Wifi aliyekuwa akisemwa alikuwa pale pale, mikono imezama kwenye ndoo hadi viwiko, akikamua majani kwa kitambaa cha kuchujia. Jina lake Nakijwa. Kaka yake Namsifu ndiye mumewe.

"Umekuja kuleta majani au maneno?" Nakijwa akamuuliza.

"Majani ya dawa, wifi, na maneno ya kuchangamshia kinu."

"Basi changamsha ukiwa umekaa, magunia yasije yakapasuka." Kisha akamgeukia mzee. "Shangazi, jibu ni Uzi."

"Umekaribia, hujafika. Uzi ni mfereji tu. Mimi nakuuliza mtu." Mchi ukapanda, ukashuka. "Nipe mji."

"Chukua Moshi."

"Moshi kelele nyingi. Sitaki."

"Basi Same."

"Same jua kali. Nenda ukalale nacho kitendawili changu, mji utanipa siku nyingine."

Uzi aliokuwa akiutaja Nakijwa ulikuwa chini ya makalio yao wakati ule ule, ndani ya udongo, mwembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga. Ulikuwa kuvu. Wataalamu waliutengeneza katika miaka ile ya ukame mkubwa, na watu wa Irindi na wa Nyikani wakaupanda kwa msaragambo mmoja, kazi ya pamoja, jembe kwa jembe, kuanzia msituni kwenye ukungu mpaka kule chini kwenye vumbi. Tangu hapo ulinywa unyevu wa mlimani ukaupeleka kwenye mizizi ya bamia na mbaazi za Nyikani, bila bomba, bila mashine. Nayo mimea ya Nyikani, inayokaa juani kutwa, ilirudisha utamu wa majani yake kupitia njia ile ile, ukaishia kwenye nyanya za Irindi. Maji yanashuka, utamu unapanda: hivyo ndivyo watoto walivyofundishwa kuimba. Na siku ya kuupanda, pande zote mbili zilikula kiapo: Uzi haukatwi, na Uzi hautiwi chunguni ukaoteshwa mbali na ardhi yake.

Sasa nyanya za Irindi zilikuwa zinakufa. Ugonjwa wenyewe waliuita ukungu majivu. Jani lilianza na doa dogo, doa likavaa unga wa kijivu, na upepo ukipuliza tu, unga ule ulihamia kwa jirani. Misimu miwili ilikwisha kuliwa. Dawa za dukani ziligeuka maji ya kunawia. Ugonjwa ulizizoea kama mtoto mtundu anavyozizoea kelele za mama yake.

Ndipo Shangazi Elieskia, aliyekuwa ametumia ujana wake kwenye maabara za mbogamboga mjini, alipokaa chini na Mbonea, fundi wa Uzi, kijana mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea. Walijaribu majani haya na yale. Walijua kwamba kitunguu saumu kikisagwa na kuachwa kipumue kidogo hutoa ukali unaopasua ngozi ya mbegu za ukungu kabla hazijatoboa jani. Mwarobaini huzifunga zisizaane. Mvumbasi hushika harufu, na sabuni kidogo huifanya dawa ing'ang'anie jani isichuruzike. Waliotesha nyanya kwenye vyungu, kwa udongo uliochemshwa ili usiwe na mdudu, wakazipaka ugonjwa kusudi, kisha wakazipa dawa. Vyungu vyote vilipona. Hata kimoja hakikufa.

Kwa hiyo jioni ile, jua likiwa bado halijazama, mapipa yote ya mchujo yalibebwa mpaka kwenye ndiva, lile bwawa la wazee la kukusanyia maji ya mto, ambalo sakafu yake siku hizi ilitandikwa turubai gumu lisilovuja. Kutoka ndiva mipira ya kunyunyizia ilikwenda kwenye kila tuta la mlima ule. Mabomba ya mgongoni yangechelewa. Ugonjwa ungekuwa unakimbia mbele, wao nyuma. Walitaka kuupiga mlima mzima asubuhi moja.

Kabla ya kumimina, Shangazi Elieskia alichota kata ya kwanza, akaimwaga ardhini, kwenye tuta lililopakana na ukuta wa ndiva.

"Wa kale waonje kwanza," akasema, kama mama yake alivyokuwa akisema kwa pombe, kwa maziwa na kwa kila kitu kipya.

Kisha mapipa yakainamishwa, na maji ya ndiva yakabadilika rangi, yakawa ya kijani kibichi kama macho ya paka.

*

Nakijwa ndiye aliyekuwa mgawa maji. Kizibo cha ndiva, ule mti mrefu unaosimama katikati ya maji na kuziba tundu la chini, unaofikiwa kwa daraja dogo la mbao, hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kukiinua. Na kila asubuhi, kabla ya kukiinua, alizunguka na fimbo ya kusikilizia: fimbo yenye ncha ya chuma, na juu yake kikombe cha kuweka sikio. Ukiichomeka udongoni, Uzi ukiwa unasafirisha maji, unasikia nguuu, kama mzinga wa nyuki uliofunikwa kwa blanketi. Kazi yake ilikuwa kusikiliza na kumwambia Mbonea, "Unavuma." Mbonea alimwamini kama mtu anavyoliamini sikio lake mwenyewe.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala mabondeni, na umande ulikuwa unadondoka kwenye majani. Alichomeka fimbo upande wa mashariki. Nguuu. Upande wa mto. Nguuu. Akafika kwenye tuta la ukutani. Akachomeka.

Kimya.

Alifuta kikombe kwa kanga, akaweka sikio tena. Kimya. Akasogea hatua moja, akachomeka. Kimya. Akasogea tena, na hapo ndipo sauti ikarudi, lakini imekonda, kama mtu anayeongea huku amebanwa kooni.

Alipiga magoti. Akafukua kwa vidole pale katikati. Udongo ulinuka kitunguu saumu. Uzi, ambao ukiwa hai ni mweupe kama maziwa, ulikuwa umegeuka kahawia, na ulikatika alipougusa, kama unywele uliopitiwa na moto.

Kata moja. Kata moja tu ya wa kale.

Nakijwa akainua macho akautazama mlima. Matuta juu ya matuta, na kwenye kila tuta vichwa vya vinyunyizio vikisubiri, vimesimama kama majogoo waliokatazwa kuwika. Akaitazama ndiva, kijani, tulivu. Ndipo alipoelewa kosa lao. Walikuwa wamejaribu dawa kwenye vyungu. Na kwenye vyungu hakukuwa na Uzi, kwa sababu Uzi hautiwi chunguni. Kiapo chenyewe ndicho kilichowafumba macho.

"Unasali au umepoteza hereni?"

Namsifu alikuwa anakuja na kikombe cha uji, kanga imefungwa kifuani, miguu ndani ya viatu vya mpira vya mumewe.

"Nimeteleza," Nakijwa akasema.

"Kunywa uji. Na leo ukimaliza kufungua maji yako, mimi nashuka. Kijana wangu anapandikiza vitunguu. Ameota ndevu mbili tu, lakini ukimsikia anavyozungumza habari za shamba lake! 'Mama, shamba langu. Mama, kitalu changu.' Amejenga na kibanda kule kule, analala huko kama anachunga dhahabu."

Nakijwa alishika kikombe. Uji ulikuwa wa moto, naye hakuusikia.

Wacha tuseme ukweli: jambo lilimpitia kichwani. Shamba lake mwenyewe lilikuwa la juu kabisa, nyanya zake zilikwisha anza madoa, na chakula cha nyumbani kwake kilikuwa ndani ya zile nyanya. Irindi kulikuwa na mvua. Irindi ingeishi, Uzi uwepo usiwepo. Angeinua kizibo, ndipo baada ya muda maji yangepungua huko chini, watu wangesema Uzi umezeeka, kila kitu huzeeka. Na nani angechimba pale ilipomwagwa kata ya wa kale? Hapakanyagwi pale. Hakuna ajuaye ila yeye na fimbo, na fimbo haina mdomo.

Akamtazama Namsifu, ambaye alikuwa anapuliza uji wake mwenyewe na kuchungulia ndani ya kikombe kama mtoto.

Ilikuwa rahisi mno. Hilo ndilo lililomtisha.

"Wifi," akasema, "nenda ukakae kwenye daraja la kizibo. Usimpishe mtu."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu kati yetu wewe ndiye mzito."

"Ee! Asubuhi asubuhi matusi!" Lakini alipoona uso wa Nakijwa, kicheko kikamfia mdomoni. Akaenda, akakaa.

*

Waliitana haraka. Jua lilipokausha umande, ukuta mzima wa ndiva ulikuwa umejaa watu. Mbonea alipiga magoti kwenye tuta, akasikiliza, akavua miwani, akaivaa, akasikiliza tena. Shangazi Elieskia alichimba kwa mkono wake mwenyewe, akautoa Uzi uliokufa, akauweka kiganjani.

"Ukungu majivu ni kuvu," Mbonea akaanza. "Na Uzi ni kuvu. Ni ndugu, mmoja mwema, mmoja mwizi. Dawa yetu haijui mwema wala mwizi. Juu ya jani inaua mwizi. Ikidondoka chini inaua ndugu yake. Na kule chini Uzi hauna ngozi ngumu kama mbegu za ukungu, kwa hiyo unakufa upesi zaidi. Tukinyunyizia mlima mzima, Nyikani hakutafika tone."

"Uzi utaota tena?" mtu akauliza.

"Kidogo kidogo, kama uliobaki uko hai pembeni. Mlima ukifa wote, hakuna pembeni."

Elinihaki, mwenyekiti wa wakulima, alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Hakuwa mtu mbaya. Mwaka jana aliwagawia majirani mahindi ya ghalani kwake mpaka mkewe akamfungia mlango.

"Nisikilizeni," akasema. "Tumezika misimu miwili. Huu wa tatu ukienda, vijana watashuka mjini na hawatarudi. Mimi naupenda Uzi. Lakini Uzi ni mdudu wa udongoni, na mwanangu ni mtu. Nyikani waliishi kabla ya Uzi. Nani huko alikufa kwa kukosa Uzi?"

"Mama yangu," akasema Namsifu kutoka kwenye kizibo.

Watu wakageuka.

"Alikuwa anatoka alfajiri kutafuta maji. Siku moja tulimkuta njiani, ndoo imelala pembeni yake, tupu. Ndipo kaka yangu alipoletwa huku juu alelewe, mimi nikabaki." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza bei ya bamia. "Mwenyekiti, umeuliza. Nimekujibu."

Elinihaki akainamisha kichwa. "Pole, mama. Nimeropoka." Kisha akakiinua tena, maana alikuwa bado na wanawe. "Lakini Nakijwa, ndiva hii haisubiri. Mto unaingia saa zote. Jua likizama maji yatavuka ukingo, na dawa itamwagika yenyewe kwenye mifereji. Usipoinua kizibo, Uzi utakufa vilevile, na nyanya nazo zitakufa. Utakuwa umeokoa nini?"

Hilo lilikuwa neno la kweli, na kila mtu aliliona.

Nakijwa alipanda juu ya ukuta. Hakuwa mzoefu wa kuhutubia; kawaida yake alisema "zamu yako imeisha" na kuondoka.

"Kizibo hiki mlinipa ninyi, na watu wa Nyikani walinipa," akasema. "Mnakumbuka kwa nini mlinichagua? Sikuwa na nguvu kuliko wengine, wala sikuwa na akili kuliko wengine. Mlisema mgawa maji lazima awe mtu mwenye wa kumlilia pande zote mbili. Mimi ni mtoto wa Irindi, niliyeolewa na mtoto wa Nyikani. Basi leo ndiyo siku yenyewe. Sitainua. Anayetaka kuinua aanze kwa kumwondoa Namsifu pale."

"Na ajaribu!" akasema Namsifu, akijikita vizuri.

Mtu mmoja alicheka, na kicheko kile kiliwalegeza kidogo.

"Mto tutaufunga kule unakoingilia," Nakijwa akaendelea, "kwa migomba na udongo, kama walivyofunga wazee. Mume wangu Eliamini yuko njiani na vijana wenye mapanga. Tutakunywa maji ya mvua kwa siku hizi. Ndiva haitajaa. Hilo la kwanza. La pili, Shangazi, nakuuliza wewe: dawa hii lazima inyunyiziwe?"

Shangazi Elieskia alikuwa bado ameshika ule Uzi mfu. Akaufunga kwenye pindo la kanga, taratibu, kama anavyofunga mtu kitu cha marehemu.

"Dawa inataka kugusa jani," akasema. "Haikusema iguse kwa njia gani. Nikiwa maabara tulikuwa tunapaka kwa sifongo, jani moja moja, juu na chini."

"Itadondoka," akasema Mbonea. Kisha akajisahihisha mwenyewe, macho yakimwaka. "Isipokuwa tukitandika magamba ya mgomba kwenye shina. Gamba la mgomba lina mfereji. Likilazwa vizuri linakinga tone, tunalimwaga kwenye ndoo. Na dawa ikishakaukia jani, haishuki tena, sabuni inaishika. Ila isipakwe mvua ikinyemelea."

"Jani moja moja!" Elinihaki akashika kiuno. "Mlima huu? Mikono iko wapi?"

"Nyikani kuna mikono," akasema Namsifu.

"Nao wapande mlima kupangusa nyanya zisizo zao?"

"Mwenyekiti, wakija hawaji kwa ajili ya nyanya zako. Wanakuja kuulinda Uzi wao na mkono wako usidondoshe." Akanyoosha shingo. "Nipeni mtu wa kukaa hapa, nikawaite. Lakini awe mzito."

Elinihaki mwenyewe ndiye aliyekwenda kukaa. Alipofika kwenye daraja akageuka. "Na shamba lako, Nakijwa? Liko juu kabisa, ugonjwa umekwisha anza. Tuanze kwako, nani atakulaumu?"

Watu wakaitikia, "Ndiyo, tuanze kwake." Walisema kwa moyo.

Nakijwa alitamani. Lakini sheria ya ndiva ni ya zamani kuliko turubai na mipira yake: mgawa maji hunywesha shamba lake la mwisho. Mgawa maji akijipa zamu ya kwanza leo kwa sababu nzuri, kesho atajipa kwa sababu mbaya, na keshokutwa hatahitaji sababu.

"Mnajua zamu yangu ni ipi," akasema, akashuka ukutani.

*

Watu wa Nyikani walipanda kwa makundi, na sifongo za madodoki zikiwaning'inia shingoni kama shanga. Walishangaa baridi. Walivaa mablanketi ya wenyeji wao wakacheka jinsi pua zinavyowatiririka.

"Ninyi watu wa juu, hivi jua lenu mmelikopesha nani?"

"Ninyi wa chini, mnashika jani kama mnachuna kuku! Pole pole, hilo ni jani la nyanya, si la mgomba."

"Nyamaza wewe. Utamu wa nyanya hii ni jasho la bamia yangu."

Kazi ilikuwa hivi. Wa kwanza alilaza magamba ya mgomba kuzunguka shina, mdomo wa gamba ukitazama ndoo. Wa pili alichovya dodoki, akalikamua mpaka lisidondoshe, akapangusa jani juu, kisha akaligeuza akapangusa chini, maana ukungu majivu hupenda kujificha tumboni mwa jani. Wa tatu alifuata nyuma na fimbo ya kusikilizia. Panapovuma, wanasonga. Sauti ikikonda, kila mtu anasimama, gamba linaangaliwa, aliyezembea anaimbiwa wimbo wa kumzomea. Elinihaki aliimbiwa mara nyingi kuliko wote. Vidole vyake vilikuwa vinene na dodoki lake lilivuja, mpaka Namsifu akamnyang'anya akampa kazi ya kubeba ndoo.

"Mwenyekiti wa ndoo," akambatiza, na jina likamganda.

Nakijwa aligawa dawa kama alivyogawa maji. Shamba kwa shamba, kwa zamu, kutoka chini kupanda juu. Hakumpa rafiki kabla ya adui. Kila alipopita alisikia nyanya zake kule juu zikimwita, kama mama anavyosikia mtoto akilia nyumba ya tatu. Jioni alipanda kuziangalia. Doa limekuwa kiganja. Kesho yake kiganja kimekuwa bakuli. Alichuma yale majani mabaya akayafukia mbali, akafunga mdomo, akateremka kugawa.

Mvua ilinyesha siku moja wakasimamisha kazi, na siku hiyo hakuna aliyecheka, kwa kuwa kila mmoja alijua ukungu hausimami. Ilipoanuka wakaendelea. Baadhi ya matuta yalikuwa yamekwisha, wakang'oa miche yake na kuichoma. Lakini majani yaliyopakwa yalishika. Unga wa kijivu ulikauka juu yake, ukapukutika kama magamba ya samaki wa kukaanga, na chini yake jani lilikuwa kijani.

Ndiva ilipungua mpaka turubai likaonekana. Dawa ya mwisho waliikomba kwa vikombe.

*

Zamu ya Nakijwa ilipofika, watu walipanda pamoja naye, wote isipokuwa Namsifu, aliyebaki chini kukusanya magamba ya mgomba. Shamba lilikuwa la kijivu toka kona hadi kona. Lilinyong'onyea kama nguo iliyosahauliwa mvuani.

Eliamini, mumewe, akamshika bega. Elinihaki akaweka ndoo chini. "Nakijwa," akasema, "nyanya zangu ni zako nusu. Na wengine watasema vilevile."

"Watasema," Nakijwa akajibu, "na nitapokea. Sina kiburi cha kushinda na njaa." Akainama, akashika mche wa kwanza, akaung'oa.

Waling'oa pamoja. Haikuchukua muda mrefu. Kung'oa ni kwepesi kuliko kupanda. Moto ulipowashwa pembeni, Nakijwa alichukua fimbo yake akaichomeka katikati ya shamba tupu, akaweka sikio.

Nguuu. Nono, nzito, ya chini kabisa. Pale juu, karibu na msitu, Uzi ulikuwa unakunywa na kusafirisha kana kwamba hakuna lililotokea duniani.

Shangazi Elieskia alikuja akakaa kwenye jiwe kando yake, amechoka, kucha zake zimekuwa kijani.

"Msimu ujao ugonjwa utarudi," akasema. "Na hatuwezi kupaka jani moja moja mpaka tuzeeke. Nataka nitafute mchujo unaojua ndugu na mwizi. Labda mvumbasi peke yake. Labda jani ambalo hatujalijua. Lakini nitaupima wapi? Nikiutia Uzi chunguni nimevunja kiapo. Nisipoutia, nitakosea tena kama nilivyokosea. Mbonea anasema tuwaombe wazee wa pande mbili watufungulie kiapo. Mimi naogopa. Kiapo kikifunguliwa kidogo, kesho kitafunguliwa mlango mzima. Kila mwenye duka atautaka Uzi wetu ndani ya chupa."

Nakijwa alitazama ardhi yake. Ilikuwa imetifuka, nyeusi, haina kitu juu, na chini yake ilikuwa inavuma.

"Shangazi, bado unanidai mji."

"Nakudai. Na usinipe Same."

"Mji sina. Chukua shamba."

Mzee akamgeukia.

"Uzi usitiwe chunguni," akasema Nakijwa. "Shamba langu ndilo liwe chungu. Chimbeni mtaro mpana hapa chini, wa kina kifupi usiokata Uzi, ukinge maji ya dawa, ili mkikosea kosa liishie kwangu. Huku juu kama patakufa, msitu uko mgongoni, Uzi utashuka tena wenyewe. Jaribuni hapa, na Uzi ukiwepo, mimi nikisikiliza."

"Na wewe utakula nini?"

"Umemsikia mwenyekiti wa ndoo."

Shangazi Elieskia alishuka kwenye jiwe akapiga magoti. Alifungua pindo la kanga, akautoa ule Uzi uliokufa, akaulaza juu ya udongo wa shamba lile, akaufukia kwa kidole.

Wakati huo huo Namsifu alikuwa anapanda tuta la mwisho, mzigo wa magamba ya mgomba kichwani, maana hakuna aliyemwambia kwamba shamba limekwisha. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni hata katika baridi ile. Alipofika akautupa mzigo chini, puu, akatazama shamba tupu, akatazama moto, akamtazama Nakijwa. Akaelewa.

"Wifi," akasema, akahema, akajifuta kwa upande wa kanga. "Wifi, yaani..."

"Mji nimepokea," Shangazi Elieskia akasema, akiwatazama wote wawili, mmoja amesimama kwenye shamba lake tupu, mwingine jasho likimdondoka kidevuni. "Sasa sikilizeni jibu. Nimelima huku, jasho limemtoka wa kule."

"Ni nani?" akauliza Nakijwa.

"Wifi."

Namsifu akapiga makofi hata ndege wakaruka msituni.

"Nilisema! Si nilisema siku ile ile? Nilisema mkanicheka! Mashahidi mko wapi?" Akainama akaokota jembe la mtu. "Haya, huo mtaro unaanzia wapi?"

Nakijwa akachomoa fimbo yake, akashuka mpaka ukingo wa chini wa shamba, akaichomeka kuweka alama.

"Hapa."